Sensa ya temperecha, waya au themostati? Mwongozo kamili wa kumkamata mwongo kabla hujanunua spea

Gari linaletwa gereji na sensa mpya ya temperecha ya maji inayong'aa, taa ya injini bado inawaka, na mwenye gari amebeba sensa nyingine mbili kwenye mfuko wa rambo. Zote ameambiwa mbovu. Nazipima zile za kwenye mfuko, na mara nyingi nakuta ni nzima.

Limenikuta mara nyingi mno, ndiyo maana naandika hatua zote hapa. Kosa ni lilelile: mashine ilisoma kodi (namba ya kosa) yenye jina la sensa, basi sensa ikanunuliwa. Kodi (siyo ile ya TRA) haisemi kwamba sensa imekufa. Inasema kontrol boksi (kompyuta ya injini) haielewi umeme inaoupata kutoka upande ule. Na upande ule kuna sensa, soketi, waya mbili, maji ya rejeta na themostati (vali inayozuia maji yasizunguke kwenye rejeta mpaka injini ipate moto). Watuhumiwa watano, na aliyekamatwa ni yule ambaye jina lake lilitajwa.

Mfano wangu ni Toyota zenye injini ya 1NZ-FE, ile ya cc 1500 iliyomo kwenye IST, Probox, Platz, Spacio, Premio na Allion. Ndizo zimejaa barabarani kwetu. Kwa gari jingine lenye sensa ya waya mbili utaratibu haubadiliki. Kinachoweza kubadilika ni namba za ohm (kipimo cha ukinzani wa umeme).

## Vifaa vya kuandaa

- Multimita ya dijitali. Ya bei ndogo inatosha, ilimradi inapima volti za DC, ohm 2,000 na ohm 20,000. Gusanisha ncha zake kwanza: ikisoma zaidi ya ohm 1, badili nyaya zake, la sivyo utalaumu gari kwa kosa la mita.
- Skana ya OBD inayoonyesha data gari likiwa linafanya kazi. Inayosoma kodi peke yake haitoshi.
- Pini mbili nyembamba za kushonea na kipande cha waya cha sentimeta 15.
- Boksi spana ndefu ya 19.
- Sufuria ndogo, jiko, na themometa ya jikoni ukiipata.
- Dawa ya kupuliza ya kusafishia soketi za umeme, na mswaki uliochakaa.
- Kulanti (maji ya rejeta) ya kuongezea.
- Karatasi na kalamu. Usijiamini kwamba utakumbuka namba.

Kifaa kimoja kiache kwenye boksi la spana: ile taa ya majaribio ya volti 12. Waya za sensa hii zinatembea na volti 5 na mkondo mdogo sana. Taa ile inavuta umeme mwingi kuliko njia hiyo inavyoweza kubeba, na mtu akikosea akapeleka volti 12 kwenye kontrol boksi, hapo tutazungumza bei nyingine kabisa.

## Unachopima ni nini

Ndani ya sensa kuna kipande kidogo ambacho ukinzani wake unashuka kadiri joto linavyopanda. Kontrol boksi inatoa volti 5 kupitia kizuizi kilichomo ndani yake, kisha inaangalia zimebaki volti ngapi. Injini baridi: ohm nyingi, volti nyingi. Injini moto: ohm chache, volti chache.

Kumbuka mambo mawili tu, yatakubeba mpaka mwisho:

Waya ikikatika, kontrol boksi inaona volti 5 kamili na kuamini injini iko nyuzi 40 chini ya sifuri. Waya zikigusana, inaona volti 0 na kuamini injini iko nyuzi 140 au zaidi.

Toyota ikiona mojawapo ya hayo, inaacha kuiamini sensa, inajipangia kwamba injini iko nyuzi 80, na inawasha feni ili injini isiungue. Kwa hiyo feni inayozunguka muda wote tangu ufungue swichi huenda si mbovu. Inatii amri.

Hizi ndizo namba za kubandika ukutani. Ya nyuzi 20 na ya nyuzi 80 ndizo za kiwandani kwa 1NZ-FE. Zilizobaki nimezikokotoa kutokana na hizo, kwa hiyo zichukue kama makadirio:

- Nyuzi 15 (alfajiri ya Nairobi): karibu ohm 3,000
- Nyuzi 20: ohm 2,320 hadi 2,590
- Nyuzi 28 (asubuhi ya Dar): karibu ohm 1,800
- Nyuzi 80: ohm 310 hadi 326
- Nyuzi 94: karibu ohm 215
- Nyuzi 100: karibu ohm 185

Nimeweka ya Dar makusudi. Kuna mtu alipima sensa mpya dukani saa nne asubuhi, akapata 1,750, akairudisha kwa sababu kitabu kinasema 2,320. Kitabu kinazungumzia nyuzi 20. Dar saa nne asubuhi ina nyuzi 20 lini?

## Hatua ya 1: Maji kwanza, umeme baadaye

Injini ikiwa imepoa kabisa, fungua mfuniko wa rejeta. Maji yafike shingoni. Kopo la akiba peke yake lisikudanganye. Linaweza kujaa huku rejeta ina pengo.

Kwa nini: ncha ya sensa inapaswa kuzama kwenye maji. Maji yakipungua inabaki kwenye hewa au mvuke, na inaweza kusoma joto la chini wakati kichwa cha injini kinaungua. Nimeona sensa nzima ikisema 70 huku gari linachemsha.

Tahadhari: usifungue mfuniko injini ikiwa moto. Maji yaliyomo yako kwenye presha, yanazidi nyuzi 100 bila kuchemka, na ukilegeza mfuniko yanageuka mvuke usoni kwako. Kitambaa hakikuokoi. Subiri.

Ukiwa hapo hapo, angalia rangi. Kahawia yenye matope maana yake gari limekuwa likinyweshwa maji ya bomba, na kutu ile imegandia kwenye ncha ya sensa pia. Sensa yenye ganda inachelewa kuhisi joto.

Kisha muulize mwenye gari maswali mawili, na umtazame machoni akijibu. Je, kuna fundi aliwahi kutoa themostati? Je, feni imefungwa "direct", yaani inazunguka bila kungoja amri ya kontrol boksi?

Haya maswali yana uzito kwetu kuliko kwingine. Kuna mafundi wanaotoa themostati wakisema nchi yetu ni ya joto haihitajiki. Inahitajika. Bila hiyo maji yanazunguka rejeta muda wote, na gari likiwa safarini injini haifiki nyuzi 80. Kontrol boksi inaona injini isiyopata moto, inaongeza mafuta, inawasha taa, na sensa ambayo imesema kweli tupu inanunuliwa mwenzake. Feni ya direct nayo inakuondolea shahidi: huwezi tena kujua kontrol boksi iliiamuru lini.

Umefaulu ukiwa: na maji shingoni, rangi yake safi, na unajua themostati ipo au haipo. Kama haipo, irudishe kabla ya kuendelea. Kupima sensa kwenye gari lisilo na themostati ni kazi bure.

## Hatua ya 2: Soma kodi na uiandike, usiifute

- P0117: umeme uko chini mno. Waya zimegusana au sensa imeungana ndani. Skana inaonyesha joto la juu kupita kiasi.
- P0118: umeme uko juu mno. Waya imekatika, soketi imechomoka, au sensa imekatika ndani. Skana inaonyesha nyuzi 40 chini ya sifuri.
- P0115: kosa la jumla la njia ya sensa.
- P0116: sensa inasoma, lakini usomaji haufanani na hali ya injini.
- P0119: usomaji unakatika na kurudi. Nenda hatua ya 7 mapema.
- P0125 na P0128: injini haifiki joto linalotakiwa kwa wakati. Hapa anza kumshuku themostati.

Mbili za mwisho ndizo zinazokula hela za watu. P0128 ikitafsiriwa na programu ya simu inataja "temperecha", mtu anakimbilia sensa. Washa injini baridi, shika mpira wa juu wa rejeta. Ukianza kupata moto pole pole pamoja na injini tangu dakika ya kwanza, themostati imekwama wazi au haipo. Themostati nzima inauacha mpira ule ukiwa vuguvugu hadi maji yafike karibu nyuzi 82, kisha unakuwa moto kwa ghafla.

Skana ikikataa kuunganika: Toyota nyingi za soko la Japani za miaka ya mwanzo ya 2000 na nyuma yake zina soketi ya skana ya matundu 16 lakini hazizungumzi lugha ya skana za bei ndogo kama ELM327. Si kwamba gari bovu. Kwa hizo, swichi ikiwa imezimwa, unganisha tundu la 4 na la 13 kwa kipande cha waya, kisha fungua swichi bila kuwasha injini na uhesabu taa ya injini inavyopepesa. Ukiitazama soketi upande mpana ukiwa juu, la 4 ni la nne kutoka kushoto safu ya juu, la 13 ni la tano kutoka kushoto safu ya chini. Mara mbili, kituo, mara mbili: hiyo ni kodi 22, sensa ya temperecha ya maji. Ikipepesa haraka haraka bila kituo, hakuna kodi. Hesabu matundu mara mbili kabla ya kuchomeka, kwa sababu la 16 lina umeme wa betri moja kwa moja.

Kama gari lako ni la aina hii, hatua za data hapa chini utazifanya kwa multimita badala ya skana. Inawezekana kabisa.

## Hatua ya 3: Linganisha asubuhi

Hiki ndicho kipimo ninachokipenda kuliko vyote, na hakigharimu chochote isipokuwa kuamka mapema.

Liache gari lilale usiku kucha, kivulini. Asubuhi, kabla ya kuwasha, fungua swichi tu. Soma joto la maji, kisha joto la hewa inayoingia kwenye injini. Gari lililolala kwa muda wa saa nane au zaidi, vitu hivyo viwili viko joto moja.

Umefaulu kama: vinapishana nyuzi 5 au pungufu. Hewa 26, maji 27: sensa na waya viko sawa, angalau kwa upande wa baridi. Hewa 26, maji 3: kuna ukinzani wa ziada mahali fulani. Hewa 26, maji 58: kuna umeme unaovuja, au sensa imechoka.

Usipige mwayo ukaridhika hapa. Kuna kosa moja linalopita mtihani huu wa asubuhi na kufeli mchana. Nitalieleza hatua ya 5.

## Hatua ya 4: Washa na utazame linavyopanda

Washa injini, kiyoyozi kikiwa kimezimwa, na andika joto kila dakika.

Linatakiwa lipande taratibu bila kuruka. Karibu na nyuzi 82 litasita au kushuka kidogo, themostati inapofunguka na maji baridi ya rejeta kuingia. Kisha litapanda tena hadi kati ya 90 na 100, feni iwake, lishuke, feni izime. Ukiona mzunguko huo mara mbili, mfumo wako ni mzima na kosa lako liko kwingine.

Likiruka kutoka 64 hadi -40 na kurudi, hiyo ni waya au soketi. Maji hayawezi kupoa nyuzi 100 kwa nusu sekunde. Likipanda hadi 65 na kukaa hapo hata baada ya dakika ishirini, rudi kwenye themostati.

Kwenye gari ndogo kama Vitz na Passo zisizo na mshale wa temperecha, taa ya buluu ni rafiki yako. Inawaka injini ikiwa baridi na kuzimika ikipata joto. Isipozimika kabisa, ama injini kweli haipati moto ama kontrol boksi inaambiwa hivyo.

Wenye bunduki ya kupima joto kwa mbali: usielekeze kwenye alumini inayong'aa karibu na sensa, itasoma chini ya joto halisi. Bandika kipande cha utepe mweusi au wa karatasi, ngoja upate joto, kisha pima juu ya utepe.

## Hatua ya 5: Chomoa, kisha unganisha

Hapa ndipo mwongo anajulikana. Kama una muda wa hatua moja tu, fanya hii.

Kwenye 1NZ-FE sensa iko ubavuni mwa kichwa cha injini, upande wa gia boksi, chini ya kasha la kichujio cha hewa. Ina waya mbili. Toyota inaziita THW, yenye volti 5, na E2, inayorudi kwenye kontrol boksi. Usiichanganye na sensa ya waya moja iliyoko kwenye magari ya zamani; ile inapeleka mshale wa dashibodi peke yake.

Tahadhari: ukichomoa soketi na swichi iko wazi, feni inaweza kuwaka papo hapo bila injini kuunguruma. Toa mikono, mikono ya shati na kanga karibu nayo.

Kwanza, chomoa. Zima swichi, chomoa soketi, fungua swichi, soma skana. Inatakiwa iseme -40. Ikibaki 140, waya ya THW inagusa bodi au mwenzake mahali fulani. Sensa haihusiki, imeshachomolewa!

Pili, unganisha. Zima swichi. Kwa kipande chako cha waya, unganisha matundu mawili ya soketi, ile ya upande wa waya za gari. Fungua swichi. Inatakiwa iseme 140 au zaidi. Hakuna hatari hapa, kontrol boksi ina kizuizi chake ndani.

Umefaulu kama: umechomoa ikasema -40, umeunganisha ikasema 140. Njia yote pamoja na kontrol boksi ni nzima. Sasa una haki ya kuishuku sensa, nenda hatua ya 6.

Ukiunganisha na bado ikasema -40, waya moja imekatika. Ipi? Toa waya wako kwenye tundu la E2 na upeleke ncha hiyo kwenye hasi ya betri, ncha nyingine ikibaki THW. Ikiruka hadi 140, THW ni nzima, iliyokatika ni E2. Isiporuka, ni THW.

Kuna magari, hasa yasiyo Toyota, yanayoonyesha joto la kubuni, 80 kwa mfano, badala ya kusoma kwa kweli. Kwa hayo acha skana, pima volti kwenye soketi iliyochomolewa swichi ikiwa wazi: kati ya THW na hasi ya betri upate karibu 5. Kisha kati ya THW na E2 upate karibu 5 vilevile. Ya kwanza ikipatikana na ya pili isipatikane, E2 imekatika.

### Kosa linalojificha asubuhi

Probox moja ya kusambaza mikate ililetwa na sensa ya tatu. Dereva alisema maneno ambayo sikuyasahau: "Asubuhi liko sawa, likishapata moto linakunywa." Asubuhi hewa ilisema 28, maji 22. Tofauti nyuzi 6, karibu lifaulu. Injini ilipopata moto, mpira wa juu hauguswi, skana ikasema 49.

Niliunganisha matundu ya soketi. Badala ya 140 ikasimama kwenye 65.

Fanya hesabu. Kulikuwa na kutu ya kijani ndani ya tundu la E2, ikiongeza kama ohm 500. Asubuhi sensa ina 1,800. Ukiongeza 500 unapata 2,300, kontrol boksi inakosea nyuzi 6 tu. Mchana sensa ina 320. Ukiongeza zilezile 500 unapata 820, na kosa linakuwa zaidi ya nyuzi 30. Kutu ni ileile, lakini madhara yake yanakua kadiri injini inavyopata moto. Na kontrol boksi ikiamini injini ina nyuzi 49, inaendelea kumimina mafuta kama ya kuamshia injini asubuhi.

Mswaki, dawa ya soketi, na kuibana ile terminali kidogo ili ishike. Usomaji ukaruka hadi 84 mbele ya dereva. Sensa zake tatu zote zilikuwa nzima, akaondoka nazo kama akiba ya wajukuu.

Kwa hiyo kuunganisha kukikupa namba iliyo kati, si -40 wala 140, tafuta kutu au terminali iliyolegea. Magari yanayooshwa injini kwa mashine ya presha kila wiki ndiyo yanaongoza kwa ugonjwa huu.

## Hatua ya 6: Sensa kwenye sufuria

Injini ikiwa baridi, fungua sensa kwa boksi ndefu ya 19. Kulanti itachuruzika, weka chombo chini na uwe na sensa nyingine ya kuzibia tundu karibu, au kidole cha msaidizi mvumilivu.

Futa ncha, itazame. Ganda la chokaa au kutu lisafishe kwa siki na mswaki. Usikwangue kwa kisu.

Tumbukiza ncha kwenye maji, sehemu ya soketi ibaki nje na kavu. Isiguse chini ya sufuria, kwani pale ni moto kuliko maji. Shikiza mita kwenye pini mbili za sensa, pasha moto taratibu, andika ohm na joto kila nyuzi 10.

Huna themometa? Maji yanayochemka ni themometa, ila ujue uko wapi. Dar, Tanga na Mombasa yanachemka nyuzi 100. Arusha ni karibu 95, Nairobi na Mbeya karibu 94, kwa sababu ya mwinuko. Fundi wa Nairobi anayetegemea ohm 185 atapata 215 na kuitupa sensa nzima.

Umefaulu kama: ohm zinashuka bila kuruka, na kwenye nyuzi 80 unapata 310 hadi 326. Sensa ikikwama namba moja huku maji yanapanda, au mita ikionyesha njia imekatika, au ohm chini ya 50 ikiwa baridi, hiyo sasa ni mbovu. Itupe, usiirudishe kwenye mfuko wa rambo.

Ipoze na uipashe mara mbili. Kuna sensa inayofaulu ikipanda na kukatika ikishuka.

## Hatua ya 7: Kosa la kuja na kuondoka

Rudisha kila kitu, washa injini, msaidizi atazame skana. Wewe tingisha soketi, kisha fuata waya kuelekea kontrol boksi, ukikunja na kuvuta taratibu kila sentimeta kumi. Angalia zaidi panapopita karibu na egzosi, panaposuguana na bodi, na popote panya walipolala. Usomaji ukiruka, simama hapo hapo.

Usitoboe waya kwa pini kutafuta umeme. Tundu lile linaingiza maji, na baada ya mvua mbili umejitengenezea kutu mpya. Ingiza pini kwa nyuma ya soketi, pembeni mwa waya, hadi iguse terminali.

Ukihitaji kuthibitisha waya nzima kuanzia soketi hadi kontrol boksi, toa hasi ya betri, chomoa pande zote mbili, pima: chini ya ohm 1. Waya iko sawa, soketi safi, na bado hakuna volti 5? Hapo tu ndipo kontrol boksi inaingia kwenye orodha. Kwa uzoefu wangu ni nadra.

## Hatua ya 8: Kufunga mpya na kuthibitisha

Nenda dukani na sensa ya zamani pamoja na multimita, iwe Gerezani ya Dar au Kirinyaga Road ya Nairobi. Pima mpya na ya zamani zikiwa juu ya kaunta ileile. Muuza duka akinuna, nenda duka la pili. Linganisha uzi, urefu wa ncha na umbo la soketi. Sensa inayoingia uzi si lazima iwe na ohm za gari lako.

Weka washa mpya (ile pete bapa ya kuzibia). Usizungushie utepe mweupe wa mabomba kwenye uzi. Washa ndiyo inayoziba, na kwenye zile sensa za waya moja utepe unaikatia njia ya kwenda bodi. Kaza kwa nguvu ya nyutonimita 20. Hiyo ni nguvu ndogo kuliko unavyodhani, na uzi wa alumini hausamehe.

Jaza kulanti. Fungua hita hadi moto wa mwisho, washa injini mfuniko ukiwa wazi, ongeza kadiri maji yanavyoshuka na mapovu yanavyotoka. Maji yakianza kupanda, funga mfuniko. Endelea hadi mipira yote miwili ya rejeta ipate moto na feni iwake yenyewe. Hewa ikibaki kwenye kichwa cha injini, sensa mpya itadanganya kama ya zamani.

Futa kodi. Liache gari lilale, kisha urudie hatua ya 3 na ya 4 asubuhi mbili mfululizo: maji na hewa visipishane zaidi ya nyuzi 5, mstari upande bila kuruka, feni iwake na kuzima yenyewe, taa isirudi. Kama feni ilikuwa direct, irudishe kwenye njia yake kabla ya kipimo hiki. Silensa (mwendo wa injini bila kukanyaga mafuta) inaweza kuyumba siku ya kwanza kwa sababu kontrol boksi imekuwa ikisahihisha mafuta kwa taarifa za uongo kwa muda mrefu. Kilomita chache za mjini zinatosha kuituliza. Asubuhi ya tatu likiwa bado linayumba au moshi ni mweusi, na namba za temperecha ni safi, funga boneti kwa upande huu na uhamie kwenye plagi, sensa ya hewa na sensa ya oksijeni.